Harusi ya kiangazi: kabla ya rangi, niambie saa

Bibi harusi akija kwangu mara ya kwanza huanza na rangi. Ana picha arobaini kwenye simu, ameshaamua maua, ameshaamua vitambaa vya viti. Mimi naandika kila kitu, kisha namuuliza: ndoa inafungwa saa ngapi, na tarehe hiyo mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi? Hapo hunitazama kama vile kakosea mlango.

Naratibu harusi Dar es Salaam, na msimu wangu mkubwa ni Desemba hadi mwanzoni mwa Februari. Watu wako likizo, ndugu wa Mwanza na wa Arusha wanashuka, walioko nje wanarudi. Ni msimu mzuri, ila ni mfupi kuliko unavyodhani. Desemba vuli inaweza kuwa bado haijaaga, na Machi masika wanabisha hodi. Katikati yake kuna kalenda za dini. Mwaka 2027, kwa mfano, Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo, na Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari. Yaani Waislamu na Wakristo wote wanaifunga milango ya kumbi wiki ile ile moja. Januari nayo ina ada za shule, na mhazini yeyote wa kamati atakwambia ahadi za mwezi huo zinavyokusanywa kwa machozi. Ndiyo maana nasema kamati ianze vikao mapema, michango ya Desemba iwe imeingia kabla Krismasi haijaimeza. Usisahau pia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla.

Sasa turudi kwenye mwezi. Harusi yangu ya kwanza ya ufukweni ilikuwa Kigamboni, Jumamosi ya mbalamwezi, kwa sababu bibi harusi alitaka picha na mwezi mpevu. Siku moja kabla nilikwenda kupima eneo saa nne asubuhi. Mchanga ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira. Nikachomeka vijiti vyangu, nikapanga viti mia na hamsini kichwani, nikaondoka nimeridhika. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu kivulini aliniita: "Mwanangu, hili ni bamvua. Saa kumi hapo uliposimama patakuwa bahari." Nilicheka kwa adabu. Kesho yake saa kumi kasorobo vijana wangu walikuwa wamekunja suruali, wanaokoa viti.

Mzee hakuwa mtabiri. Pwani yetu hii, siku za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja mbili baada yake, maji hupwa sana mida ya saa nne asubuhi na kujaa mida ya saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa kumi bahari iko mbali na haina pupa. Kwa hiyo anayetaka ndoa ya jioni mchangani namtafutia Jumamosi ya maji mafu. Anayeng'ang'ania mbalamwezi namweka juu kwenye nyasi, bahari aitazame tu. Na eneo nalipima saa ile ile ya sherehe, siku zenye maji yanayofanana. Jedwali la kujaa na kupwa lipo. Lifungue kabla hujalipa kianzio.

Kuna na hili la machweo. Wengi huniletea picha za jua likizama baharini nyuma ya maharusi. Hizo zimepigwa Mji Mkongwe au Kendwa, upande wa magharibi wa Unguja. Dar bahari iko mashariki, jua linazama nyuma ya nyumba za watu. Maana yake wageni wakitazama bahari, jua linawachoma visogo, na maharusi wakiwageukia wageni, wanatazama jua uso kwa uso. Nimeona albamu nzima watu wamekunja macho. Dawa ni kuupinda mstari wa viti uelekee kusini kidogo. Hapo hata upepo wa kaskazi, ambao ndio unaovuma miezi hii, unaingia ubavuni mwa hema badala ya kugonga turubai la nyuma. Pande za hema ziachwe wazi. Zile feni za kunyunyiza ukungu wa maji usikodi: hewa yetu imeshajaa unyevu, ukungu hautakauka, utawalowesha tu watu vipodozi.

Januari jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Ninachofanya ni kuhesabu kurudi nyuma. Picha nzuri ziko katika saa moja ya mwisho ya jua, basi ibada iishe saa kumi na nusu, si saa nane. Ndoa ya saa nane inawaacha wasimamizi na suti za sufu juani mchana kweupe, wakati sheikh na kanzu yake wala hana habari.

Ukumbini ndipo ninapogombana na washereheshaji. Kadi inasema saa kumi na mbili, maharusi wanaingia saa mbili na nusu, kisha utambulisho wa ukoo hadi shangazi wa tatu, keki, shampeni, zawadi, na chakula saa nne. Kwenye joto hilo mgeni ameshakunywa soda mbili bila kitu tumboni. Mimi chakula natoa saa mbili, zawadi zinafuata watu wakiwa wameshiba, na hata mkono wa kutoa huwa mwepesi zaidi.

Chakula chenyewe nina swali moja kwa mpishi kabla ya bei: mtaepua saa ngapi? Pilau lililoepuliwa saa nane mchana likasubiri ndooni hadi usiku linanitisha kuliko mvua. Chakula kilichopikwa kikae moto zaidi ya nyuzi 60 au baridi chini ya nyuzi 5, na katikati ya hapo kisikae zaidi ya muda wa saa mbili. Nina kipimajoto kidogo kwenye mkoba, na kuna wapishi wawili hawanipendi kwa sababu yake. Kachumbari ikatwe pale pale. Ndafu ni ngumu zaidi, maana mbuzi anachomwa mapema, anavishwa, anachezewa ngoma, halafu anakaa mezani kama mgeni rasmi. Nakubaliana na familia: mbuzi akatwe kwa heshima zote, kisha arudi jikoni apite motoni tena kabla ya kugawiwa. Keki ya krimu ya siagi nayo isiletwe ukumbini mapema. Iingie na maharusi.

Maji naweka chupa mbili za nusu lita kwa kila mgeni kabla ya chakula, na barafu mara mbili ya anayoitaja muuzaji. Genereta nalipia hata ukumbi ukiapa umeme haukatiki, na nataka liwashwe nikiona, viyoyozi vyote vikiwa vimefunguliwa.

Baada ya hayo yote ndiyo tunafungua zile picha arobaini. Chagua rangi uipendayo, mdogo wangu. Ila mashati ya wasimamizi yasiwe bluu ya mawingu wala kijivu, yanaonyesha jasho kabla hawajatoka kwenye gari.