Wanga unaokataa maji

Wateja wangu wa krimu ya ngozi hapa Lamu walikuwa na lalamiko moja: "Krimu yako yanukia, lakini yanata." Ni kweli. Mafuta ya nazi yaliyomo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na joto la kaskazi huyafanya maji matupu. Ukishavaa buibui juu yake, hayana pa kwenda.

Nikachukua wanga wa mahindi wa jikoni ili ufyonze mafuta hayo, nikautia kwenye maji ya krimu yakiwa nyuzi 70. Chembe zikanywa maji, zikavimba, zikapasuka. Aliyewahi kupika kanji ya kanzu na kofia anajua nilichopata. Mara ya pili nikasubiri krimu ipoe ndipo nikautia, ikawa laini ajabu. Haikupita muda, kopo likaanza kunuka uchachu, maana wanga ni chakula, na vijidudu navyo hula.

Ninaoutumia sasa kopo lake limeandikwa alumini stachi oktenilsaksineti. Jina linatisha, lakini asili yake ni mahindi yale yale. Wanga wa kawaida umejaa sehemu zinazoshikana na maji. Kiwandani hupachikwa vimkia vya kaboni nane, vyenye tabia ya mafuta, kisha chumvi ya alumini hufunga ncha zilizobaki. (Binamu yake mwenye sodiamu badala ya alumini huliwa, ndiye E1450 anayeshikilia mafuta ya ladha ndani ya soda.)

Jaribu mwenyewe. Jaza glasi mbili maji. Wanga wa jikoni ukiunyunyiza huzama na maji yakawa kama tui. Huu mwingine hukaa juu, mkavu. Ukichovya kidole katikati, kinatoka na vumbi jeupe badala ya unyevu. Ndiyo maana kwenye ngozi hufyonza mafuta, usigeuke uji kwa jasho.

Mimi hutia gramu 3 kwa kila gramu 100 za krimu, nikiusaga kwanza ndani ya mafuta usifanye madonge. Ukizidisha, uso unatoka kama umepakwa chokaa. Na dawa ya kuzuia kuoza bado natia, maana maji yamo ndani ya krimu.

Naulizwa sana kama alumini hiyo huziba jasho. Hapana. Chumvi za alumini za kuzuia jasho huyeyuka majini ndipo zikaziba vinyweleo. Hii imefungwa kwenye wanga na haiyeyuki. Ninachowakataza akina mama ni kukung'uta poda yoyote karibu na uso wa mtoto, vumbi lisiingie kifuani.

Kwenye singo, ule mchanganyiko wa kumsugua bibi harusi mwili, hata hivyo, siutii. Singo huchanganywa na marashi saa ile ile, ikasuguliwa, ikatoka. Unga wa mchele watosha. Huu wangu ungeelea tu juu ya marashi, na somo, yule mama anayemwandaa bibi harusi, angenicheka.