Glavu haikutoboka, na sumu ilipita

Wiki hii nimeambiwa tena: "Mwalimu, si nimevaa glavu?" Safari hii najibu kwa maandishi, maana imani hii imeshaua.

Tarehe 14 Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondosha matone machache ya dimethilizebaki, kimiminika chenye zebaki, kwenye glavu yake ya lateksi (mpira). Alikuwa bingwa wa metali zenye sumu, amevaa miwani, anafanyia kazi kwenye kabati la maabara linalovuta hewa yenye sumu. Alikihitaji kimiminika hicho kiwe rejeo, yaani sampuli ya kulinganishia vipimo, kwenye mashine ya mwangwi wa sumaku (NMR) inayochunguza molekuli. Kazi nyingine za maana kinazo chache. Januari 1997 akaanza kuyumba na ulimi ukawa mzito. Damu yake ilikutwa na maikrogramu 4,000 za zebaki kwa lita. Alifariki tarehe 8 Juni.

Glavu ile haikuwa na tundu. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na hapo ndipo ninapochoka. Wanaichukulia glavu kama ndoo: isipotoboka, haivuji. Lifunge puto la mtoto kwa uzi imara. Kesho kutwa utalikuta limenywea, na tundu hulioni. Hewa imejipenyeza katikati ya molekuli za mpira. Dimethilizebaki haina chaji na inapenda mafuta, kwa hiyo inayeyukia ndani ya lateksi, inatokea upande wa pili, kisha inaifanyia ngozi yako vilevile. Glavu za aina ile zilipopimwa baada ya ajali, ilipenya ndani ya sekunde 15.

Ukilazimika kuishika sumu hii, vaa glavu ya plastiki ya matabaka, juu yake glavu nzito ya neoprini (mpira wa viwandani) yenye mkono mrefu. Hata majedwali yanayoonyesha kemikali huchukua muda gani kupenya glavu mimi nayasoma kwa shaka: hupimwa kipande kilichotulia, ilhali mkono unakunja na kutoa jasho.

Dimethilizebaki inachemka kwenye nyuzi 93 za Selsiasi, mvuke wake nao ni sumu. Haya yamo vitabuni.

Kinachoninyima raha ni ile miezi mitano ya ukimya. Vitabu vinaandika "kipindi cha kuchelewa", kana kwamba kulipatia jambo jina ni kulieleza. Zebaki ilishaingia mwilini. Kwa nini ubongo ulivumilia muda wote huo, maelezo yaliyopo hayaniridhishi. Dalili zilipotokea, dawa ziliitoa zebaki kupitia mkojo, lakini seli zilizokufa hazikurudi.

Ukihitaji rejeo la zebaki, omba chumvi yake iliyoyeyushwa majini. Nayo ni sumu, ila mpira unaizuia.