Bajeti ya afya: kipi kitangulie, na nani aamue?

Fedha za afya hazijawahi kutosha mahitaji yote. Kila mwaka kuna kinachotangulia na kinachosubiri. Mwananchi atataja dawa na zahanati ya karibu. Diwani atataja jengo, maana ndilo analodaiwa na wapiga kura. Mfadhili mara nyingi huja na ugonjwa alioukusudia tangu kwao. Mtaalamu hufungua takwimu.

Takwimu nazo zina upofu wake. Mnamo miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania kwa kushirikiana na Kanada iliendesha TEHIP, mradi wa kupanga bajeti ya afya kwa kufuata magonjwa yanayoua zaidi, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Watoto wengi walikuwa wakifia nyumbani, kwa hiyo daftari la hospitali halikuwajua. Wadadisi wakapita nyumba kwa nyumba, wakakaa na wafiwa na kuwauliza: homa ilianza lini? Mtoto alishikwa na degedege? Mlimpeleka wapi kwanza? Ikabainika kwamba Morogoro malaria ilibeba takribani asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea (yaani miaka ambayo marehemu wangeishi kama wasingekufa mapema), ilhali bajeti ya afya ya mwaka 1996 iliitengea asilimia 5 tu.

Wilaya ziliongezewa fedha kidogo, chini ya dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka, pamoja na uhuru wa kupanga. Zikaweka nguvu kwenye vyandarua na matibabu ya watoto. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Lakini wanakijiji walitaka pia zahanati zao zikarabatiwe, wakatoa nguvukazi yao. Nami naona walikuwa na haki: dawa haina faida kama mama anaikimbia zahanati inayovuja.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, vituo vya umma vya ngazi ya msingi Tanzania hupokea sehemu ya fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati ya usimamizi wa kituo ina wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Wafahamu wajumbe wako. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango huandaliwa miezi mingi kabla, hivyo hoja ya Juni imechelewa. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, uliza mmetanguliza nini, mmeacha nini, na kwa sababu gani. Sababu isipotolewa, omba iandikwe kwenye muhtasari kwamba iliulizwa.