Kabla hujauliza tani ngapi: kuchagua kihenge na tangi la kiwanda cha chakula cha mifugo

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, kihenge cha tani mia shilingi ngapi?" Awe mkulima wa Mbozi mwenye mahindi yake, awe mwenye kinu kidogo cha chakula cha kuku, swali ni lile lile. Nami humrudishia maswali matatu. Utaweka nini humo? Kitaingia kikiwa na unyevu kiasi gani? Kitatoka kwa njia gani? Wapo wanaodhani nazunguka ili nipandishe bei. Ukweli ni kwamba vihenge vingi, yaani yale maghala ya bati ya mviringo, nilivyoitwa kuvitibu havikuharibika kwa kuwa vidogo. Viliharibika kwa sababu maswali hayo matatu hayakuulizwa kabla ya mabati kupakiwa kwenye lori.

Nitaeleza kwa kiwanda kimoja ninachokifahamu vizuri. Miaka michache iliyopita aliniita mama mmoja mwenye kiwanda nje kidogo ya Makambako, anayetengeneza chakula cha kuku na cha ng'ombe wa maziwa, kama tani 10 kwa siku umeme ukikaa vizuri. Nilikuta magunia yamepangwa hadi kwenye kenchi, panya wanapita juu yake mchana kweupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimechoka na magunia. Nitafutie dude moja la tani mia mbili, nimwage kila kitu humo."

"Kila kitu kipi, mama?"

"Mahindi, pumba, mashudu. Hata ule mchanganyiko uliokwisha kusagwa."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, kwa sababu vitu hivyo vinne havina tabia moja. Mita moja ya ujazo ya mahindi makavu ina uzito wa kilo 720 hivi. Mita hiyo hiyo ya pumba haifiki hata nusu ya uzito huo, na pumba nyepesi huwa kama kilo 250. Kihenge kinachobeba tani 100 za mahindi kitajaa pumba zikiwa tani 35 tu. Ndiyo maana nawaambia watu waache kusoma tani kwenye karatasi ya muuzaji, waulize mita za ujazo. Wauzaji wengi hukokotoa tani zao kwa ngano, ambayo ni nzito kuliko mahindi, na hivyo namba inapendeza kuliko utakachokuta siku ya kujaza.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri wa kuchomelea hulikosea: nafaka si maji. Ukijaza maji kwenye tangi, kadiri unavyokwenda chini ndivyo yanavyosukuma ukuta kwa nguvu zaidi, na uzito wote unakalia kitako. Mahindi hujishikilia ukutani. Mjerumani mmoja, H. A. Janssen, alionyesha mwaka 1895 kwamba kina kikizidi, msukumo wa nafaka chini hauongezeki tena sana, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito imebebwa na msuguano wa kuta. Kwa maneno mengine, bati la kihenge halisukumwi nje tu, linakandamizwa pia kwenda chini kama nguzo. Bati jembamba lisilo na nguzo za kulisimamisha hujikunja kama kopo la soda lililokanyagwa. Hivyo tangi la zamani la maji au la mafuta haligeuki kihenge kwa sababu tu ni la chuma na ni refu.

Jambo hilo hilo ndilo linalofanya kutoboa mlango wa pembeni kuwe hatari. Nimeona mtu kakata bati ubavuni ili afungashe magunia kwa urahisi. Mahindi yakitolewa upande mmoja, ukuta wa upande huo unapoteza msukumo na ule wa pili unabaki nao wote, na mduara hauwi mduara tena. Kihenge kinatakiwa kitoe kupitia katikati ya kitako kwanza. Milango ya pembeni, kama ipo, inafuata katikati ikishakuwa tupu.

Tukarudi kwenye pumba na mchanganyiko wa mama. Mahindi makavu huteremka vizuri kwenye kitako cha koni chenye mteremko wa nyuzi 45. Pumba, mashudu na chakula kilichosagwa havikubali. Hivyo vinataka nyuzi 60 au zaidi, kuta laini, na mdomo mpana. Mteremko ukiwa mdogo, chakula hujifunga juu ya mdomo kama daraja. Kijana anafungua geti, kinatoka kidogo, kisha kimya. Anachukua nyundo, anagonga. Kesho anagonga tena. Nenda ukatazame koni ya kiwanda cha namna hiyo: imejaa mabonde ya nyundo, na kila bonde ni kibaraza kipya cha chakula kukalia, ambacho hakitatoka hadi kiote kuvu. Nikimkuta mtu na nyundo iliyotundikwa karibu na koni, sihitaji kuuliza swali jingine.

Nilimshauri mama pumba na mashudu vibaki kwenye ghala, kwenye chaga, mbali na ukuta, na vitumike haraka. Wale wenye pesa ya kihenge cha pumba chenye koni kali na kitikisio, sawa. Yeye hakuwa na haja nacho.

Sasa unyevu, na hapa naomba msomaji wangu atulie nami. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi ya nyanda za juu wakati wa mavuno mara nyingi huja na 18, hata 20. Wengi wanaamini kihenge chenye feni kitayakausha. Hakitayakausha. Feni ya kihenge kazi yake ni kupoza nafaka iliyokwisha kukauka. Kukausha ni kazi ya jua na turubai, au ya mashine ya kukaushia yenye joto lake. Watu wakiona vihenge vikubwa vya NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, pale Makambako, Songea au Sumbawanga, huona yale mabati yanayong'aa tu. Wanasahau kwamba chombo kikubwa cha namna ile hakisimami peke yake: kuna kupima, kusafisha na kukausha kabla punje haijaingia.

Kwa anayenunua shambani bila kifaa, kuna njia ya chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kabisa, funga, tikisa kwa dakika moja, acha kama robo saa. Chumvi ikibaki imeganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, usiyapakie. Ila ielewe mipaka yake: chumvi isipoganda haijakuambia kwamba umefika 13.5. Mwenye kihenge anunue kipima unyevu, na akipeleke kikalinganishwe mara kwa mara. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kihenge. Na kina faida nyingine kwa mnunuzi: tani 100 za mahindi yenye unyevu wa 18 zikikaushwa hadi 13 zinabaki tani 94 na ushei. Hizo karibu 6 zilizopotea ulikuwa umenunua maji kwa bei ya mahindi.

Gharama ya kupuuza hili haiishii kwenye pesa. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zaidi, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu, watu 317 wakaugua sumukuvu na 125 wakafa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara nazo zilizika watu kwa sababu hiyo hiyo. Kuchemsha hakuondoi sumu hii, kusaga hakuiondoi, na ng'ombe akiila sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Wapo wanaosema, "Haya yameoza kidogo, tutayasagia kuku." Vifaranga na bata ndio wa kwanza kuangushwa na sumukuvu. Mahindi yaliyokataliwa na watu hayageuki salama kwa kupelekwa bandani.

Na hata mahindi makavu huweza kuharibika ndani ya bati. Asubuhi moja ya Julai nilipanda ngazi ya kihenge kilichojazwa Juni, kwenye shamba moja la ukanda huo wa baridi. Nilipofungua mfuniko wa juu, harufu ya pombe ya kienyeji ilinipiga usoni. Chini ya paa, kila bolti ilikuwa na tone la maji linaning'inia. Nikagusa juu ya mahindi: gamba gumu, nene kama kiganja, punje zimeota mizizi myeupe. Chini ya gamba mahindi yalikuwa mazuri kabisa. Mwenye shamba aliapa kwamba paa linavuja, lakini mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa. Mahindi yaliingia na joto la mchana. Usiku bati likapoa, nafaka ya pembeni ikapoa, ya katikati ikabaki na joto. Hewa ya joto ikapanda katikati ikiwa imebeba unyevu, ikagusa paa baridi, ikageuka maji, yakadondoka juu ya mahindi. Kila usiku, kidogo kidogo.

Tiba yake ni feni ndogo na matundu ya hewa ya kutosha kwenye paa. Iwashwe saa ambazo hewa ya nje ni baridi kuliko nafaka na ni kavu, hadi joto la nafaka lilingane juu hadi chini. Makambako au Njombe saa hizo zinapatikana kwa wingi wakati wa kiangazi. Tanga, Mombasa au Dar es Salaam ni habari nyingine. Usiku wa pwani hewa imejaa maji, na ukiwasha feni kwa mazoea ya Iringa unailowesha nafaka yako mwenyewe. Pwani mimi hushauri vihenge vidogo vinavyotumika na kuisha haraka, na mabati yenye zinki nene. Uliza gramu za zinki kwa mita ya mraba: 275 inatosha sehemu kavu, lakini kwenye hewa ya chumvi ningetaka 450 au 600. Kama huna waya za kupima joto, chomeka nondo ndefu hadi katikati, iache dakika 20, ichomoe uishike kwa mkono. Ukikuta sehemu ya moto, kuna kitu kinaishi humo, kuvu au wadudu. Na dumuzi, yule mdudu mtoboa mahindi aliyeingia nchini kupitia Tabora na ambaye Wakenya humwita Osama, hahitaji mwaliko. Anaingia na shehena isiyosafishwa.

Suala la tangi lilizuka kwa sababu ya molasi, ile shira nyeusi ya kiwanda cha sukari, inayotiwa kwenye chakula cha ng'ombe. Nilikuwa tayari nimeshajifunza kwa uchungu. Shamba moja tulifunga tangi la plastiki la maji la lita 5,000 juu ya fremu ya chuma, nami nikiwa kwenye kazi hiyo na sikupiga kelele ya kutosha. Lita moja ya molasi ina uzito wa kilo 1.4. Tangi lililojaa lilikuwa na tani 7 juu ya fremu iliyopimwa kwa tani 5, na plastiki yenyewe iliundwa kwa maji. Lilipasuka karibu na kitako usiku. Tulikoroga tope tamu kwa siku tatu, nyuki wa kijiji kizima wakiwa juu yetu. Molasi inataka tangi la chuma au la plastiki nene lililotengenezwa kwa vimiminika vizito, bomba la inchi 3 au zaidi, pampu ya gia, na mfuniko usioingiza mvua, kwa kuwa maji yakielea juu yake huchachuka. Asubuhi ya baridi hugoma kutiririka, na watu hukimbilia kuwasha moto. Ipashwe taratibu, isizidi nyuzi 40 hivi.

Mama tulimfungia vihenge viwili vya tani 60 vyenye koni, si kimoja cha 200. Anatumia mahindi tani 5 kwa siku, na hununua kwa wakulima wengi, kila mmoja na unyevu wake. Kimoja kikijazwa, kingine kinaliwa hadi kiishe kabisa na kufagiliwa, na mzigo wenye shaka hauchanganyiki na mzuri. Kila kihenge kina miguu minane, kila mguu unabeba zaidi ya tani 7. Tulichimba hadi tukapita udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, kabla ya kumwaga zege.

Jambo la mwisho tulilobishana lilikuwa ngazi. Vijana wake walizoea kupanda juu ya rundo la mahindi na kulikanyaga literemke. Ndani ya kihenge kinachotoa, mahindi huvuta miguu kwa sekunde chache, na ukishazama hadi kiunoni mtu mmoja hawezi kukuchomoa. Kabla dakika haijaisha umefunikwa. Mama alinisikiliza, akaenda dukani, akarudi na kufuli mbili. Leo ufunguo wa mfuniko wa juu na ufunguo wa swichi kuu ya mota viko kwenye pete moja, na pete hiyo anatembea nayo yeye, imefungwa kwenye pindo la khanga.