Gauni la mfuko wa unga: usianze na nembo, anza na vipimo

Wateja huniletea picha ya shati lenye nembo kubwa ya kinu cha unga kifuani na kuniambia, "Fundi, nishonee mtindo huu wa mfuko wa unga." Nashona, kazi ni kazi. Ila wanawake wa mashambani Marekani, walioshona nguo za nyumbani kwa mifuko ya pamba ya unga, ambao ushonaji huu ni wao, wangetucheka. Hiyo nembo ndiyo iliyowatoa jasho kuiondoa. Waliipaka mafuta ya nguruwe au kuiloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, wakafua kwa sabuni kali ya magadi, wakachemsha, na bado jina la kinu liliweza kubaki likisomeka kwa mbali. Nguo ya namna hiyo ilivaliwa ndani.

Kabla ya mifuko hiyo kuwepo, unga ulisafirishwa kwa mapipa ya mbao. Cherehani zilipoenea, baada ya Mmarekani Elias Howe kupata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya cherehani mwaka 1846, ikawezekana kushona mfuko wa pamba usiopasuka kwa uzito. Basi unga, sukari, chumvi na chakula cha kuku vikaingia nyumbani vikiwa ndani ya kitambaa, na kitambaa hakitupwi.

Wenye viwanda walichelewa kidogo kushtuka. Mwaka 1924 Asa T. Bales aliomba hataza ya mfuko wenye kitambaa cha kushonea gauni, na George P. Plant Milling Company ya St. Louis ikauza unga wake wa Gingham Girl ndani ya mifuko ya mirabaraba. Baadaye yakaja maua ya kila rangi, na nembo ikahamia kwenye karatasi iliyobanduka kwa maji. Mume akitumwa chakula cha kuku, anaagizwa alete mfuko wenye maua yaleyale ya juzi, kwa sababu mmoja hautoshi gauni.

Hapo ndipo ulipo mtindo wenyewe. Mfuko wa ratili 100, yaani kilo 45 hivi, ukiufumua unapata kipande cha takriban sentimita 90 kwa 110. Gauni la mtu mzima linataka vipande vitatu. Mimi hukata hivi: viwili vinakuwa sketi, mbele na nyuma, vikilazwa kwa upana, kwa hiyo mzunguko ni zaidi ya mita mbili na marinda yanakaa vizuri kiunoni. Cha tatu nakigawa nusu. Nusu moja inatoa kifua na mgongo, nusu ya pili inatoa mikono mifupi, kola na mifuko. Kwa mwenye kifua kikubwa natafuta kipande cha nne chenye ua jingine, nakiweka mabegani na kwenye kola, makusudi kabisa, kionekane. Mikono mirefu sahau. Kukata mshazari pia sahau, kunakula kitambaa.

Kufumua nako kuna ufundi wake. Mifuko ilifungwa kwa mshono wa mnyororo, uleule wa kiroba cha unga cha leo: ukipata ncha sahihi, uzi wote unatoka kwa mvuto mmoja, ukikosea ncha, utakata kwa mkasi huku ukilaani. Uzi ule uliviringishwa ukatunzwa. Kwenye kitambaa hubaki mstari wa matundu ya sindano, na wakusanyaji wa nguo za kale huutafuta mstari huo ili kujua kama kitambaa kweli kilikuwa mfuko.

Nembo kifuani ina haki yake sehemu moja tu ninayoijua, nayo ni Ubelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Unga wa msaada uliopelekwa na tume ya Herbert Hoover, Mmarekani aliyekuja kuwa rais baadaye, ulifika kwenye mifuko ya pamba, na Wabelgiji wakaitarizi nembo zilezile za vinu, wakaongeza lasi na bendera, nyingine wakaziuza kuchangia msaada, nyingine wakazirudisha kama shukrani. Nyingi zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Hoover, West Branch, Iowa.

Huko Marekani mifuko ya karatasi ilikuwa ya bei rahisi zaidi, na kufikia miaka ya 1960 mfuko wa pamba ulikuwa umekwisha kazi yake. Sisi tuna viroba vya plastiki, vinavyofaa vikapu, si ngozi ya mtu. Kwa hiyo nunua merikani, kitambaa kilichoanza kuletwa Zanzibar karne ya 19 kutoka viwanda vya Massachusetts. Ifue kwa maji ya moto kabla ya kukata, maana hurudi. Kisha ikate vipande vya 90 kwa 110 kabla hujachora chochote kwa chaki, na usijiongezee hata sentimita. Ukitaka nembo, itarizi kwa mkono.