Uvimbe wa Taya, Hatari ya Utumbo
Mtu mwenye uvimbe mgumu wa mfupa kwenye taya, au meno yaliyozidi idadi, hupelekwa kwa daktari wa kinywa na meno. Uvimbe unakatwa, kidonda kinapona, na mara nyingi hakuna anayemuuliza kama baba yake au shangazi yake alifariki kwa ugonjwa wa tumbo akiwa bado kijana. Naomba swali hilo liulizwe, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuwa dalili ya sindromu ya Gardner, ugonjwa wa kurithi unaoleta saratani ya utumbo mpana.

Mwaka 1951 Eldon Gardner, mwanajenetiki wa Utah, Marekani, alianza kuchapisha habari za ukoo mmoja ulioandamwa na saratani ya utumbo mpana. Baadaye ikabainika kwamba baadhi yao walikuwa pia na uvimbe wa mifupa na wa chini ya ngozi. Leo tunajua chanzo cha ugonjwa huo ni hitilafu kwenye jeni (kinasaba) iitwayo APC. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Vinundu viitwavyo polipu huanza kuota utumboni katika umri wa balehe, mamia hadi maelfu. Utumbo mpana usipoondolewa kwa wakati, wagonjwa karibu wote hupata saratani, wengi wakiwa na miaka 40 hivi.

Hata utumbo ukishaondolewa, kuna uvimbe mwingine uitwao desmoidi. Ukiikata maabara unakuta nyama nyeupe ya nyuzinyuzi, ngumu kama mpira. Huota kwenye ukuta wa tumbo, kwenye kovu la upasuaji au kwenye utando unaoshikilia utumbo. Haisambai viungo vya mbali, lakini inaweza kuukaba utumbo na mirija ya mkojo mpaka figo zikaumia. Kinachotuumiza kichwa ni kwamba upasuaji wenyewe unaweza kuichochea. Ndiyo maana mara nyingi tunaanza kwa kuifuatilia kwa kipimo cha MRI, na ikizidi kukua tunatumia dawa. Mojawapo, nirogasestati, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023.

Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hana ndugu aliyewahi kuugua. Hitilafu imeanzia kwake. Kwa hiyo mtu mwenye uvimbe wa taya akijibu "hapana" kwa lile swali la ndugu, usiishie hapo. Mpeleke kwa daktari wa macho: madoa meusi kadhaa nyuma ya macho yote mawili, yasiyouma wala kupunguza uoni, ni dalili nzito ya ugonjwa huu. Ukithibitishwa, wanawe walioirithi hitilafu hiyo ya jeni waanze kuchunguzwa utumbo kwa kamera kati ya miaka 10 na 15, hata kama hawaumwi chochote.