Kukabidhi utaratibu mpya wa kazi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Makabidhiano yanaisha siku ya kutia saini.

Ukweli: Saini inahamisha faili. Kazi yenyewe inahama polepole, zamu kwa zamu.

Katika ghala moja nililowahi kufanya kazi tulipanga upya upokeaji wa mizigo. Lori likifika, mzigo unahesabiwa palepale mlangoni, unaingizwa kwenye kompyuta na kupewa namba ya rafu, ndipo dereva anasainiwa karatasi zake. Foleni ya malori ikapungua, kila mtu akafurahi. Ijumaa moja tukakabidhi faili, tukapiga picha, timu ya maboresho ikaondoka. Mwisho wa mwezi yakaingia malori mawili usiku, na umeme ukakatika. Mzee wa zamu akafungua kabati, akatoa daftari la zamani, akapokea mzigo kama alivyozoea miaka yote. Asubuhi akalaumiwa mbele ya wenzake.

Nilipomfuata, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kompyuta ikizima mlitaka niandike wapi?"

Sikuwa na jibu. Mafunzo tuliyatoa mchana, kwa watu wa mchana. Hakuna aliyekesha naye hata usiku mmoja, na daftari la zamani tulilisahau kabatini. Tangu siku hiyo nasisitiza: waliobuni utaratibu wasiondoke kabla haujapita siku zake ngumu, yaani mwisho wa mwezi, siku ya kuhesabu mali na usiku usio na umeme.

Dhana: Wanaorudia mtindo wa zamani ni wabishi.

Ukweli: Mara nyingi wameona pengo ambalo mbunifu hakuliona. Waulize kabla ya kuwaandikia barua ya onyo.

Dhana: Utaratibu uliofanikiwa mahali pamoja utafanikiwa popote ukiagizwa.

Ukweli: Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vya waliopasuliwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kisha jimbo la Ontario, Kanada, likazitaka hospitali zake ziitumie. Uchunguzi wa hospitali 101 uliotolewa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana, ingawa hospitali ziliripoti kwamba orodha inajazwa karibu kila mara.

Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Mimi naangalia jambo moja: kwenye zile hospitali 8, timu za palepale ndizo zilizoiingiza orodha na kuwafundisha wenzao. Kisanduku cha orodha kinaweza kutiwa alama ya vema na mtu ambaye hajauliza swali lililoandikwa kando yake.

Dhana: Mwenye utaratibu ni mkurugenzi.

Ukweli: Awe mtu mmoja anayejulikana, aliye karibu na kazi, mwenye ruhusa ya kuisimamisha. Kwenye viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba kumwita kiongozi wake, na kasoro isipotatuliwa kwa wakati, mstari mzima wa uzalishaji unasimama. Jukumu bila ruhusa ya namna hiyo ni mzigo tu.

Dhana: Namba inayopima kazi ikiyumba, rekebisha haraka.

Ukweli: Kila kazi ina kuyumba kwake kwa kawaida. Mhandisi Walter Shewhart, akiwa kampuni ya Western Electric ya Marekani mwaka 1924, alibuni chati yenye mpaka wa juu na wa chini ili kutenganisha kuyumba huko na hitilafu halisi. Anayekabidhiwa namba bila mipaka yake atahangaika kila Jumatatu, na kuuvuruga utaratibu uliokuwa mzima.

Dhana: Kushikilia utaratibu maana yake kutogusa kitu.

Ukweli: Hospitali za Tanzania zinazofuata Kaizen, mbinu ya Kijapani, zina S tano, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Shikilia ni ya mwisho, na ndiyo ngumu kuliko zote. Lakini Kaizen ni kuboresha bila kukoma, kwa hiyo anayeshikilia lazima awe na kalamu.

Kwenye lile ghala, chini ya karatasi yetu ya ukutani, mzee aliongeza mstari kwa mkono: "Umeme ukikatika, tumia fomu zilizo droo ya kwanza. Asubuhi ziingizwe kwenye kompyuta kabla ya lori la kwanza." Fomu zenyewe alizipiga mistari yeye mwenyewe, kwa rula.